Mnyonge Hana Haki? Mizani ya Kadhi Baina ya Tajiri na Maskini

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Hakimu wa mahakimu, ambaye mbele Yake haifai kitu mali wala ukoo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Waswahili wana msemo usemao: mnyonge hana haki. Ukisimama Tunduma, Mlowo, Vwawa au Mkwajuni utausikia ukitajwa si kama malalamiko, bali kama taarifa ya hali ya hewa. Mtu anaeleza kuwa shauri lake limekwama, mwenzake anamjibu kwa msemo huo, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mahindi. Swali letu ni hili: je, ni kweli kwamba mfumo wa sheria unampendelea tajiri dhidi ya maskini? Na kama ni kweli, upendeleo huo umekaa wapi hasa?

Kuna majibu mawili mepesi. La kwanza hutolewa na baadhi ya wahadhiri wetu: kwamba mahakama za kidunia zote ni za matajiri, na kwamba vitabu vyetu vya fiqhi vilikwisha kumaliza tatizo hilo tangu zamani. La pili hutolewa na baadhi ya wanasheria: kwamba sheria ni moja kwa wote, Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, basi anayelalamika alete ushahidi. Makala hii inayakataa majibu yote mawili. Sheria ya nchi, katika maneno yake, haimpendelei tajiri. Inampendelea katika bei ya mlango wake. Nasi tulio na urithi mkubwa wa fiqhi tunayo dawa ya maradhi hayo, lakini tukivisoma vitabu vyetu kwa uaminifu tutakuta kwamba maradhi yenyewe yaliwahi kuingia ndani ya nyumba yetu pia.

KIPIMO CHETU NI KIPI?

Msingi wa mlango huu ni aya ya 135 ya Suratun-Nisaa. Humo waumini wanaamrishwa kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Kisha aya ikataja tajiri na fakiri kwa pamoja, ikabainisha kuwa Allah anawastahikia zaidi wote wawili. Msomaji azingatie hapa. Aya haikusema tumuegemee maskini kwa kuwa ni maskini. Kumhukumia mtu mali isiyokuwa yake kwa sababu ya huruma ni dhulma kama dhulma nyingine. Uadilifu wa Kiislamu haugeuzi mizani upande wa pili, bali unaisimamisha sawa.

Kipimo cha pili ni kisa mashuhuri cha mwanamke wa Bani Makhzum, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke wa kabila tukufu aliiba, watu wake wakamtuma Usama bin Zayd (R.A.) amwombee kwa Mtume (S.A.W.). Mtume (S.A.W.) alikasirika, akaeleza kuwa kilichowaangamiza waliotangulia ni kumwacha mwizi mtukufu na kumwadhibu mwizi dhaifu, akaapa kwamba hata binti yake Fatma hangesalimika. Hapa tunajifunza kuwa kupendelea wenye hadhi si kosa dogo la utaratibu. Ni sababu ya umma kuangamia.

Kipimo cha tatu ni barua ya Sayyidna Umar (R.A.) kwa Abu Musa al-Ash'ari. Humo kadhi anaelekezwa kuwasawazisha watu katika uso wake, kikao chake na hukumu yake, ili mtukufu asitumaini kupendelewa na mnyonge asikate tamaa na uadilifu. Juu ya msingi huo Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani na bara, anataja kwamba kadhi awasawazishe wagomvi katika kuingia, kusimama, kuwasikiliza, kuwakunjulia uso, kujibu salamu na kukaa. Wanazuoni hawakuishia kwenye hukumu. Waliingia hadi kwenye mkeka na mlango, kwa sababu walijua kuwa mtu huanza kushindwa kabla hajafungua kinywa.

MILIONI TANO ZA SHAURI LA NDYANABO

Tukija kwenye sheria ya nchi, insafu inatutaka tuseme kwamba kipimo hiki si kigeni ndani yake. Ibara ya 107A, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 2000, inaziagiza mahakama kutazama haki bila kujali hadhi wala uwezo wa mtu kiuchumi, zisicheleweshe mashauri bila sababu ya maana, na zisibanwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Kadhi wa zamani angeisoma ibara hiyo na kuitambua.

Wala haikubaki maandishi matupu. Mwaka 2001 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, ikamtaka kila anayepinga matokeo ya ubunge aweke mahakamani shilingi milioni 5 kama dhamana ya gharama, la sivyo shauri lake lisipangiwe tarehe ya kusikilizwa. Julius Ishengoma Francis Ndyanabo, aliyegombea Jimbo la Nkenge mkoani Kagera katika uchaguzi wa mwaka 2000, aliipinga sheria hiyo. Mahakama Kuu ilimkatalia. Akakata rufaa, na mnamo Februari 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa kinamzuia mtu kuifikia mahakama bila ya kuipa mahakama nafasi ya kuangalia hali yake.

Hukumu hii inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fiqhi, maana imegusa mahali penyewe. Hakuna aliyedai kwamba hakimu fulani alihongwa. Hakuna aliyesema kuwa sheria iliandika tajiri apite na maskini asipite. Sheria ilisema kila mtu alipe milioni 5. Wote sawa! Na kwa usawa huohuo maskini akafungiwa nje. Hii ndiyo sura halisi ya upendeleo tunaouzungumza: bei moja iliyowekwa kwa watu wasio na uwezo mmoja.

Ila ukosoaji wetu unaanzia hapohapo. Kanuni iliyosimamishwa katika shauri la Ndyanabo ilisimamishwa kwa faida ya mgombea ubunge. Je, imemfikia mama wa Tunduma anayevusha mchele kwa baiskeli? Je, imemfikia kijana wa machimbo ya Songwe?

MLANGO WA MAHAKAMA KATIKA MKOA WA SONGWE

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao yake makuu yakawekwa Vwawa. Ni mkoa wa kahawa ya Mbozi, mahindi, dhahabu, na wa mpaka wa Tunduma na Nakonde, mlango mkubwa wa mizigo iendayo Zambia na Kongo. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa hapo ili mtu akaguliwe mara moja badala ya mbili. Ni mkoa wenye fedha nyingi zinazopita, na watu wengi wanaozitazama zikipita.

Kwanza tuangalie umbali. Shauri lililohitaji Mahakama Kuu kwa miaka mingi lilimlazimu mtu wa Tunduma kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 100. Mtu wa Mkwajuni, makao ya Wilaya ya Songwe, njia yake ya kawaida ya kutoka hupitia Mbalizi, yaani hutoka mkoani kwake, akaingia Mbeya, ndipo arudi Vwawa. Mwenye gari anaona ni safari ya siku moja. Asiye nalo ana nauli, chakula, mahali pa kulala, na siku za kazi zilizopotea. Shauri likiahirishwa mara nne, tajiri ameudhika mara nne, na maskini amefilisika.

Pili tuangalie forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ndiyo inayotumika Tunduma. Kwa kosa la magendo inaweka kifungo kisichozidi miaka 5 au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mali, na mali yenyewe huweza kutaifishwa. Tuseme ukweli: faini inayokwenda kwa asilimia ni bora kuliko faini ya kiwango kimoja, kwa kuwa mwenye shehena kubwa hulipa zaidi. Lakini kwa mwenye lori, mali ile ni safari moja kati ya nyingi. Kwa mama aliyepita njia ya panya na mabunda mawili, ile ndiyo biashara yake yote, na pengine ni mkopo wa kikundi. Asilimia ni ileile, uzito sio uleule.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 219, inamruhusu Kamishna kulififilisha kosa, maana yake kulimaliza nje ya mahakama pale mtu anapokiri kwa maandishi na kulipa. Suluhu kwa asili yake ni jambo jema, na sisi tunaijua katika fiqhi. Tatizo ni kwamba mlango huu hufunguliwa kwa fedha taslimu. Aliyenacho anakiri, analipa, anaondoka bila kusimama kizimbani. Asiyenacho anapelekwa mbele ya hakimu kwa kosa lilelile, na akishindwa faini huko anaingia gerezani. Wawili walikosea jambo moja. Mmoja ana risiti, mwenzake ana kumbukumbu ya kifungo.

Tatu, dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu chake cha 148(5)(e) kilichodumu kwa miaka mingi, iliweka kuwa mtu akishitakiwa kwa kosa linalohusu mali ya thamani inayozidi shilingi milioni 10, hapati dhamana mpaka aweke fedha au mali ya nusu ya thamani hiyo. Msomaji apige hesabu. Utafiti wa kitaifa wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikuta kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wanaishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, uliokuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mtu aliye kwenye mstari huo, hata asile wala asivae, angehitaji zaidi ya miaka 8 kukusanya milioni 5. Na huyu bado hajahukumiwa! Anahesabika kuwa hana hatia. Kanuni yetu ya fiqhi ni kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na deni wala hatia, na kanuni ya nchi ni hiyohiyo. Kinachowatenganisha mahabusu na aliye nyumbani kwake si hatia, bali ni hati ya nyumba.

Nne, wapita njia. Vijana wengi kutoka Ethiopia hupitishwa katika ukanda huu kuelekea Afrika Kusini. Wanapokamatwa hukabiliwa na faini au kifungo, na kwa kuwa hawana faini, hubaki kifungo. Mara nyingi aliyelipwa kuwasafirisha yuko mbali, na anayejibu ni msafiri aliyekwisha kuuza ng'ombe wa baba yake kulipia safari hiyo.

Wapo watakaosema kuwa matajiri nao walisota. Ni kweli. Kwa makosa yasiyo na dhamana, kama utakatishaji fedha, wenye mali walikaa mahabusu miaka. Septemba 2019 Rais John Magufuli alishauri watuhumiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurejesha fedha wapewe nafasi, na Mkurugenzi wa Mashitaka akatangaza kuwa watuhumiwa 467 wamekubali kurejesha shilingi bilioni 107.8. Mwaka uleule utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa uliingizwa katika sheria. Baadaye Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi taarifa yake Julai 2023, ilikusanya malalamiko mengi juu ya ukamataji, dhamana na uendeshaji wa mashitaka.

Hapa ndipo aya ya Suratun-Nisaa inapotufaa. Imewataja wote wawili, tajiri na fakiri. Suluhu inayofanywa na mtu aliyefungiwa bila dhamana ina shubha ya kulazimishwa, hata kama mtu huyo ni tajiri. Na upande wa pili, aliyeiba kuku hana kitu cha kurejesha kitakachomshawishi mwendesha mashitaka. Mfumo unaouza njia ya kutokea humdhulumu tajiri kwa kumkamua na humdhulumu maskini kwa kumsahau.

FAINI, KAFARA NA FATWA YA YAHYA AL-LAYTHI

Je, fiqhi yetu inasemaje juu ya adhabu ya fedha? Wanazuoni wametofautiana. Katika madhehebu ya Shafi kauli mpya inaizuia taaziri ya mali, na miongoni mwa hoja za wazuiaji ni kuhofia watawala wasije wakaifanya njia ya kula mali za watu. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliijuzisha. Hatutaki kuingia kwa kina katika khilafu hiyo. Tunachotaka ni kuangalia jinsi sharia ilivyopanga mizigo ya mali pale ilipoiweka yenyewe.

Kafara ya kiapo, katika aya ya 89 ya Suratul-Maida, ni kulisha au kuvisha maskini 10 au kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku 3. Kwa asiyepata hakuandikiwa kifungo, aliandikiwa ibada ambayo kila mwili unaiweza. Na katika Bukhari na Muslim, kwa riwaya ya Abu Hurayra (R.A.), mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Aliulizwa kama anaweza kuacha huru mtumwa, hakuweza. Kufunga miezi 2 mfululizo, hakuweza. Kulisha maskini 60, hakuweza. Likaletwa kapu la tende, akaambiwa akazitoe sadaka. Alipoeleza kuwa hakuna nyumba fukara kuliko yake, Mtume (S.A.W.) akacheka na kumruhusu akawalishe watu wake. Mkosaji aliingia na deni, akatoka na chakula. Huo ndio upana wa sharia kwa asiye na uwezo.

Lakini je, inafaa kumkaza tajiri zaidi kwa kuwa faini haimuumi? Swali hili liliulizwa Andalusia katika karne ya 3 ya Hijria. Amiri Abdur-Rahman wa pili alifanya kosa hilo la Ramadhani, na faqihi Yahya bin Yahya al-Laythi akamfutu kwamba hana jingine ila kufunga miezi 2 mfululizo. Alipoulizwa kwa nini hakumpa nafasi ya kuacha huru mtumwa, alijibu kwa maana kwamba mlango huo ungekuwa mwepesi kwa mfalme, akarudia kosa kila siku. Wengi huisimulia fatwa hii kwa kuisifu. Hata hivyo wanazuoni wa usul, akiwemo Imam Ghazali, waliikosoa: maslahi yanayopingana na nassi hayazingatiwi, na tukifungua mlango huo, sharia itageuka kwa kila mtu.

Ukosoaji huo ni sahihi, na unatufundisha mpaka. Palipo na nassi, tajiri na maskini wanachukua hukumu moja. Palipoachwa ijtihadi ya mtawala, nako ndiko ziliko faini zote za forodha, barabarani na mipakani, hakuna nassi inayomzuia kuzingatia uwezo. Tena kufanya hivyo ndiko kuhifadhi lengo la adhabu, kwani faini isiyomuumiza mmoja na inayommaliza mwingine si adhabu moja.

MARADHI NDANI YA NYUMBA YETU

Sasa tufike mahali ambapo wahadhiri wengi hupita haraka. Katika mlango wa taaziri, al-Mawardi ndani ya al-Ahkam as-Sultaniyya anaeleza kuwa taaziri ya wenye hadhi ni nyepesi kuliko ya watu duni: mmoja hutoshelezwa kwa kugeuziwa uso au kukemewa, mwingine hufungwa. Al-Kasani wa madhehebu ya Hanafi akawapanga watu katika daraja nne, wa juu wakitosheka kwa kujulishwa tu, wa chini wakifikia kupigwa na kufungwa. Hoja yao ni kuwa lengo la taaziri ni kumkanya mtu, na wenye hadhi hukanyika kwa neno.

Tofauti ya hayo na risiti ya Tunduma iko wapi? Yule amesamehewa jela kwa fedha, huyu kwa jina. Walitegemea hadithi iliyo katika Abu Dawud ya kuwapuuzia wenye hadhi mteleze wao isipokuwa katika hudud. Lakini Imam Shafi (Allah amrehemu) aliifasiri vingine: wenye hadhi hapo ni watu wasiojulikana kwa shari, ambao mmoja wao huteleza mara moja. Yaani kipimo ni mwenendo, si ukoo wala mfuko. Kwa tafsiri hiyo mchuuzi mwadilifu wa Tunduma ni katika wenye hadhi, na mfanyabiashara mkubwa aliyezoea magendo si katika wao. Hii ndiyo kauli inayolingana na kisa cha Bani Makhzum, na ndiyo inayofaa kusomeshwa.

Vilevile tusijidanganye kuwa mahakama ya kadhi peke yake ingemaliza jambo hili. Mahakama za maliwali na za wenyeji ziliunganishwa katika mfumo mmoja Tanzania Bara kwa sheria ya mwaka 1963, na mwaka 2015 muswada wa Mahakama ya Kadhi uliondolewa bungeni. Madai hayo yana nafasi yake. Lakini kadhi anayedaiwa ni wa ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Dhamana, faini na forodha zisingemfikia.

WAKILI NA ULIMI

Katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa wagomvi humjia, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, akamhukumia kwa anayoyasikia, basi aliyepewa haki ya nduguye amepewa kipande cha moto. Ulimi basi ni mali. Kwa ajili hiyo Abu Hanifa aliona mtu asiye mgonjwa wala msafiri asiweke wakili katika ugomvi ila kwa ridhaa ya mgomvi wake, kwa kuwa watu hutofautiana katika kuhojiana. Wanafunzi wake wawili na Imam Shafi walijuzisha bila ridhaa.

Tanzania imepita njia zote mbili. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa katika Mahakama za Mwanzo, na maskini alisimama na tajiri kila mmoja kwa ulimi wake. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, wakaruhusiwa pale anapoketi hakimu mkazi. Mwaka huohuo Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama, jambo ambalo ni neema kubwa kwa mnyonge. Na mwaka huohuo Mabaraza ya Kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na usuluhishi. Hesabu ya mwaka mmoja: mlango mmoja ulipunguzwa bei, miwili ikapandishwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria ili kuziba pengo, na pengo lingali pana.

FATWA YA KUTOA ILI UPATE HAKI

Limebaki jambo linalotuhusu moja kwa moja. Waislamu wafanyabiashara hupenda kutaja kauli ya wanazuoni kwamba mwenye kutoa kitu ili apate haki yake au ajikinge na dhulma, dhambi ni ya mpokeaji. Kauli hiyo ipo na ni sahihi kwa masharti yake: haki iwe imethibiti, kusiwe na njia nyingine, na asidhurike mtu.

Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa. Minhaj inasema kuwa wagomvi wakisongamana kwa kadhi hutangulizwa aliyewahi kufika, na wakifika pamoja hupigwa kura, akipewa nafasi msafiri aliye mbioni. Foleni basi ni haki. Anayetoa bahasha ili lori lake au faili lake lisogee mbele hakuchukua haki yake, amechukua nafasi ya aliye nyuma yake asiye na bahasha. Hiyo si rukhsa. Hiyo ni rushwa ambayo Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji wake na mpokeaji wake, na ni katika maana ya aya ya 188 ya Suratul-Baqara inayokataza kuzitumia mali kwa mahakimu ili kula sehemu ya mali za watu. Maimamu wa Tunduma wana wajibu wa kulisema hili wazi, kwa sababu wanaoswali safu ya kwanza ndio wenye malori.

KIKAO CHA IMAMU

Tukiwataka mahakimu wasawazishe watu, sisi tunaketi vipi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetambua mabaraza ya usuluhishi, yakiwemo ya Waislamu. Migogoro ya ndoa na mirathi hufika kwa imamu kabla ya kwa hakimu. Anapokuja mjane kudai thumuni yake dhidi ya shemeji aliyefadhili mnara wa msikiti, nani anapewa kiti na nani anaachwa mlangoni? Nani anaitwa Alhaji na nani anaambiwa, mama, subiri kidogo? Shemeji anapewa chai, mjane anapewa nasaha ya kusubiri. Hapo hakuna kifungu cha 148, wala Kamishna wa Forodha, wala milioni 5. Kuna Minhaj peke yake, na mlango wake wa kuwasawazisha wagomvi.

Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu leo. Misikiti iwapeleke vijana wake wakasajiliwe kuwa wasaidizi wa kisheria. Wenye mali waweke wakfu wa nauli na ada za mashauri ya wajane na mayatima, kama wahenga walivyoweka wakfu wa maji. Maimamu wawaombee dhamana wanaowajua kwa uadilifu, wala wasiwaombee wenye hadhi waliokosa, maana Usama (R.A.) alikatazwa hilo. Na wasomi wetu waidai dola ipime faini na dhamana kwa uwezo wa mtu, kwa hoja ya shauri la Ndyanabo na kwa hoja ya kapu la tende.

Msemo wa mnyonge hana haki si hukumu ya Allah. Ni shahada tunayoitoa dhidi ya nafsi zetu kila tunapousema na kuendelea na bei ya mahindi. Mnyonge anayo haki; alichokosa ni kiti, nauli, na mtu wa kumsogezea mkeka.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.